Hotuba ya Mwenyekiti: Mkopo wa Binti Aliyesomea Nyumba kwa Ndani



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Wapo wenzetu watatu tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Taarifa ya fedha ameshaisoma Mweka Hazina na imo humu kijitabuni, hatutairudia. Mikopo ya vitenge, ya kuku, ya magunia ya mkaa, hayo mnayajua. Leo tumeona tuzungumzie mkopo mmoja tu, ule uliotaka kutuvunja. Tunajua wapo watakaonung'unika kwamba siku ya sherehe si siku ya kufukua. Lakini kijitabu hiki watakisoma wajukuu, na tukiandika mazuri matupu watatuona waongo.

Ilikuwa mwaka wetu wa tatu hapa Tanga. Mwenzetu mmoja, muuza maandazi, alisimama kikaoni akaomba mkopo. Kanuni yetu ni kukopa mpaka mara tatu ya hisa zako, naye aliomba kupita hapo. Akaulizwa, biashara gani? Akasema si biashara. Bintiye amepata nafasi Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kusomea ubunifu wa ndani ya majengo. Bodi ya Mikopo imempa sehemu tu, na anatakiwa awe na kompyuta ya mkononi ya kuchorea.

Kikao kikaangua kicheko. Na sisi wa meza kuu tulicheka, tusifiche. Mama mmoja akauliza, "Kupanga makochi nako kunasomewa miaka minne?" Mwingine akasema angeomba ya uuguzi au ualimu tungeelewa. Yule mama hakujibu kitu. Alikaa, akaanza kukunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

Tulibishana vikao vitatu. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu, na mmoja wao alitamka wazi kwamba ufunguo wake hautoki kwa jambo hilo. Mwishowe kura zikapigwa, upande wa kukubali ukazidi kwa kura mbili. Kiasi cha kanuni kikatoka kwenye hisa, kilichobaki kwenye mfuko wa jamii. Wenzetu wawili walichukua hisa zao wakaondoka. Mpaka leo hawajarudi, na tukikutana nao sokoni salamu ni za mbali. Hilo bado linatuuma.

Basi likizo ya kwanza binti akarudi na makaratasi yake kayakunja kama mikeka. Akaomba apime nyumba moja ya mwanachama. Tukampa ya mama yetu mmoja mtu mzima, vyumba viwili na ukumbi. Akapita na futi kamba, kila ukuta, kila dirisha, mpaka urefu wa kitanda. Kisha akachora: kila sentimita mbili kwenye karatasi ni mita moja ya nyumba. Tulikaa tukaitazama nyumba ile kutoka juu, kama ndege, paa halipo.

Akamwambia bibi, "Shikamoo bibi, naomba nikuulize. Usiku unalala?" Bibi akasema halali, joto. Binti akaonyesha kwenye mchoro: dirisha la upande wa baharini limezibwa na kabati, na dirisha la pili lina pazia zito la tabaka mbili. Upepo hauna pa kuingilia wala pa kutokea. Wakalisogeza kabati, pazia zito likatolewa likawekwa jepesi. Hakikununuliwa hata kitu kimoja, wala fundi hakuitwa. Juma lililofuata bibi alikuja kikaoni akasema amelala mpaka adhana.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza wanasoma nini hasa. Kumbe si kuchagua rangi tu. Wanasoma jinsi nyumba inavyojengwa, ukuta upi umebeba paa na upi unaweza kuvunjwa. Wanasoma mwanga unaingiaje na saa ngapi, taa ikae wapi ili anayeshona asijitie kivuli na mkono wake mwenyewe. Wanasoma mbao, vitambaa, vigae, kipi kinastahimili chumvi na unyevu wa pwani na kipi kitaota ukungu. Wanasoma mwili wa mtu: meza ya jikoni ya kusimamia iwe karibu sentimita 90 kutoka chini, mlango uwe mpana kiasi gani baiskeli ya mgonjwa ipite. Na hesabu za gharama, maana mchoro usio na bei ni picha tu. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1956 kama shule ya upimaji ardhi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Na wabunifu wa ndani wanasajiliwa na Bodi ile ile ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Sisi tulioishia darasa la saba tungeyajulia wapi haya?

Tena jamani, tulicheka kitu chetu wenyewe. Tazameni nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Zile zidaka za chokaa ukutani, zilizopangwa safu kwa safu na kuwekwa vyombo vya kauri, hazikuangukia tu pale. Vile vyumba vyembamba virefu ni kwa sababu boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu, wakaona basi, urembo tuupandishe ukutani. Watu walikaa wakafikiri. Na sisi wenyewe tunaosiriba, tunaofuma vitambaa vya makochi, tunaotandika jamvi la wageni, kazi hiyo tunaifanya tangu utoto bila mtu kuiita kazi.

Sasa tuje kwenye shida. Binti alimaliza, tukadhani marejesho yataanza mwezi ule ule. Hayakuanza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili. Alipima, akachora, akakaa usiku na mchana miezi miwili. Mwenye nyumba akapokea michoro, akampa fundi wake aifuate, binti akaambiwa, "Nikulipe nini, wewe umeleta makaratasi tu." Hapakuwa na mkataba. Alimwamini mtu mzima kama baba yake.

Marejesho yakachelewa miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo mama yake alikuwa anaingia kikaoni wa mwisho na kutoka wa kwanza. Yalisemwa maneno hapa ambayo hatutayaandika. Aliyesimama kumtetea alikuwa yule yule wa ufunguo. Alisema, "Kosa la kufundisha mtoto kuchora bila kumfundisha kudai si la mtoto peke yake." Tukakaa na binti tukamweleza tunavyofanya sisi tunaoshona sare za shule: kitambaa hakikatwi kabla ya nusu ya fedha. Tangu hapo hatoi mchoro bila maandishi yenye sahihi mbili na nusu mkononi.

Kazi iliyomtoa ilikuwa ndogo, mgahawa wa mama lishe mwenzetu. Jiko lilikuwa upande huu, maji upande ule, sahani nje. Binti alihesabu hatua za mama huyo toka maji mpaka jikoni mpaka kwenye sahani, akavileta vitatu vikae karibu. Nafasi iliyobaki zikaingia meza mbili zaidi. Wateja wakauliza nani kapanga. Moja ikaleta nyingine, maduka ya nguo, zahanati, ofisi. Mkopo umelipwa wote, na faini ya kuchelewa aliilipa mwenyewe ingawa tulitaka kumsamehe. Sasa ana vijana wawili, seremala na fundi cherehani, waliosomea VETA, wanaofanya naye kazi.

Tusidanganyane kwamba kila binti atafika hapo. Miezi mingine bado hapati kazi hata moja, anakuja kumsaidia mama yake kukanda unga.

Sasa limekuja ombi la pili, la kijana wa kiume safari hii, mtoto wa mwanachama, anataka kusomea kazi hiyo hiyo. Minong'ono tumeshaisikia. Ombi litasomwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana. Aje na mzazi wake, na aje na mchoro wa nyumba yao alioupima mwenyewe. Na wale wenzetu wawili tumewapelekea barua ya kuwaalika siku hiyo. Viti vyao tutaviweka.