Njia ya Maji



Ninyi mkaao Mukuru na Donholm mnaujua mto Ngong. Masika ikinyesha, wengi wenu hulala macho wazi. Juu ya mto huo ndiko liliko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili mji upate maji ya kunywa, nalo baadaye likajaa tope, taka na magugu-maji.

Bwawa la udongo, ambalo wengi tunaliita silanga, ni kitu cha faida. Wakati wa mvua huzuia mafuriko. Wakati wa kiangazi hunywesha mboga. Lakini fundi mwenye busara hategemei unene wa ukuta peke yake. Pembeni hukata njia ya maji, chini kidogo ya kilele cha ukuta, ili yaliyozidi yatoke kwa amani. Njia hiyo ikiziba, maji hupanda yakapita juu ya ukuta, yakaula udongo, na mchirizi mdogo ukawa pengo kubwa.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la kumwagilia mashamba lilipasuka huko Solai, Nakuru. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwamo watoto. Hao hawakulijenga bwawa lile. Walikaa chini yake tu.

Mithali 17:14 hulinganisha mwanzo wa ugomvi na maji yaliyofunguliwa, tena hutuonya tuuache mapema. Je, kuuacha ni kunyamaza? Mume arudi kutoka Industrial Area, mshahara umekatwa, hasemi. Mke ana deni dukani, naye hasemi. Majirani huwasifu: "Wale hawagombani kamwe." Ndugu yangu, hiyo siyo amani. Ni bwawa lisilo na njia ya maji. Nalo likipasuka, wa kwanza kuchukuliwa ni watoto, ambao hawakulijenga.

Basi usiku huu, kabla hamjazima taa, semeni lile neno likiwa bado dogo. "Mshahara umepungua." "Nina deni." "Ulinihuzunisha jana." Yule mwingine asikie mpaka mwisho, asijibu upesi. Maji yaliyotoka polepole hustawisha bustani.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema mapema, na upole wa kusikia. Uwalinde wote wakaao kando ya mito yetu msimu huu wa mvua. Amina.