Picha Haizibi Jino

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati ya Mkutano imeniomba niseme machache juu ya hoja iliyo mbele yetu, yaani chama chetu kichange fedha ili wanafunzi waweze kuonana na daktari wa meno kwa njia ya video wakiwa hapa hapa shuleni. Mimi si daktari. Kazi yangu ni ya utawala serikalini, na mtu wa utawala huulizwa maswali mawili kila siku: jambo hili litamsaidia nani, na litahitaji nini ili lifanye kazi? Nitajaribu kuyajibu hayo mawili.

Kwanza, hali ilivyo. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2022 inakadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu katika kila wanne wa hao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Barani kwetu madaktari wa meno ni wachache, na hao wachache wengi wao wako mijini. Matokeo yake sote tunayajua. Mtu wa kijijini huumwa jino, akalitia karafuu, akameza vidonge vya dukani, akasubiri mavuno apate nauli. Afikapo hospitali, jino lililokuwa na kitundu cha kuzibwa limekwisha oza hata ndani, na kilichobaki ni koleo. Kinachotunyang'anya meno yetu ni kuchelewa.

Je, video yaweza kupunguza kuchelewa huko? Yaweza, kwa masharti. Kupeleka picha za kinywa kwa daktari aliye mbali si jambo geni. Mwaka wa 1994, katika jimbo la Georgia huko Marekani, jeshi la nchi hiyo lilifanya jaribio. Wagonjwa 15 wa fizi walipelekwa kupasuliwa katika kituo kilichokuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka kwao. Baada ya wiki moja walitolewa nyuzi kituoni kwao, na picha za vidonda vyao zikapelekwa kwa bingwa kwa njia ya simu. Ni mmoja tu aliyelazimika kusafiri tena. Safari 14 ziliokolewa, tena kwa picha za mnato tu.

Mwaka wa 2020, korona ilipoingia, mtihani ukawa mkubwa zaidi. Nchini Uingereza huduma za kawaida za meno zilisimamishwa mwishoni mwa Machi, zikaruhusiwa tena kuanzia tarehe 8 Juni. Katika kipindi hicho wagonjwa walipewa ushauri kwa simu na video. Wengi walisaidika. Lakini lilionekana jambo jingine: madaktari wa meno waliandika antibaiotiki nyingi kuliko miezi kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Sababu yake inaeleweka. Mkono usipofika kwenye jino, kalamu huandika dawa. Na antibaiotiki haiponyi jino lililooza. Jino hilo lahitaji kusafishwa na kuzibwa, au kutibiwa mzizi, au kung'olewa.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo ulipo moyo wa maneno yangu. Picha haizibi jino. Video ni jicho, na jicho bila mkono haliponyi mtu. Mkono huo, kwa bahati njema, si lazima uwe wa bingwa wa Muhimbili. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, katika mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme. Uozo hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Njia hiyo ilitoka kwetu ikaenea katika nchi nyingi. Kwa hiyo tabibu wa meno wa kituo cha afya, akiwa na vyombo vyake na saruji yake, anaweza kuokoa jino. Na akiwa na shaka, video inampa jicho la pili la mtu aliyemzidi uzoefu. Huo ndio ushirikiano tunaoutaka.

Video pia inaweza kuzuia madhara. Wazazi wenzangu wanajua habari za "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, huambiwa kwamba ule uvimbe mweupe kwenye ufizi ndio ugonjwa, na ufizi huchokolewa kwa chombo kisicho safi. Uvimbe ule ni chonge changa ambalo halijaota. Watoto wamepoteza damu, wameambukizwa, na wengine wamekufa. Mama akiweza kumwonyesha daktari ufizi wa mwanawe siku hiyo hiyo, daktari atamwambia auache ufizi, ampe mtoto maji ya chumvichumvi ya kuzuia kukauka, na ampeleke zahanati akatibiwe kuhara. Dakika tano za mazungumzo zaweza kuokoa maisha.

Sasa niseme yale ambayo video haiwezi. Haigongi jino kusikia kama linauma. Haipimi kina cha ufizi. Haioni uozo uliojificha katikati ya magego mawili, kazi ambayo ni ya eksirei. Rangi nazo hudanganya. Vijana wanaotoka pande za Arusha na Mlima Meru, ambako maji yana floraidi nyingi, wengi wao wana meno ya kahawia ambayo hayajaoza. Chini ya taa hafifu, picha yaweza kumfanya daktari adhani ni uozo. Kwa hiyo lazima aulize mtu amekulia wapi na amekunywa maji gani.

Basi kazi ya video iwe ni kupanga wagonjwa katika mafungu matatu: wa kwenda leo, wa kwenda wiki hii, na wa kupewa ushauri na kuangaliwa tena. Na ninyi vijana, likariri fungu la kwanza kama mnavyokariri kanuni za fizikia. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni. Kushindwa kumeza, kupumua au kufungua kinywa. Homa kali pamoja na uvimbe. Damu isiyokoma baada ya kung'olewa jino. Jino la ukubwani lililong'oka kwa kuanguka au kupigwa mpira. Huyo hangoji simu wala mtandao. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili nacho kionwe na daktari ana kwa ana.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mgonjwa apige mswaki kwanza. Aketi akielekea dirisha penye mwanga wa mchana. Nesi wa shule, akiwa amenawa mikono, avute mashavu kwa mipini ya vijiko safi, na mtu wa pili apige picha tano: mbele, kulia, kushoto, meno ya juu, meno ya chini. Picha zitangulie kupelekwa, mazungumzo ya video yafuate, maana mtandao ukiyumba picha ya mnato huonekana vizuri kuliko ya video. Kisha daktari aandike alichoona na alichoagiza, na nakala ibaki katika jalada la mwanafunzi. Ushauri usioandikwa haumfai daktari atakayemwona mgonjwa kesho.

Tena iko siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Kinywa cha mwanafunzi si cha kuzungushwa katika makundi ya simu. Mzazi aombwe idhini, simu iwe ya zahanati ya shule, na picha zifutwe humo zikishaingizwa katika jalada.

Sasa fedha. Nasikia baadhi yetu wanataka tuanze na skrini kubwa na kamera ya bei. Kwa heshima yote, napendekeza tuanze upande wa pili. Kwanza, tupatane kwa maandishi na Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu tabibu gani atawapokea wanafunzi tutakaowapeleka, na siku zipi. Pili, tutenge akiba ya nauli na matibabu kwa mwanafunzi asiye na uwezo, maana kumwambia mtoto kwa video kwamba jino lake lazibika, kisha asipate nauli ya kwenda kuzibwa, ni kumwongezea maumivu. Tatu, tununue miswaki na dawa ya meno yenye floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2021. Simu nzuri na tochi viwe vya nne. Wenzetu waliosomea udaktari wa meno, nao watoe zamu zao za saa chache kila muhula.

Tukifuata mpango huo, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza mwenye kitundu kidogo atazibwa muhula huu, naye atamaliza Kidato cha Nne akiwa na magego yake yote. Tukiugeuza, tutakuwa na skrini nzuri ukutani na mapengo yale yale vinywani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.