Somo la Jikoni: Chapati ya Samaki kwa Wageni

Mgeni akibisha hodi, si lazima kuchinja kuku. Ziwa Victoria liko karibu, na sangara ana minofu minene.

Kwanza, chagua samaki aliyevuliwa karibuni. Macho yawe maangavu, mashavu yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Anayenuka vibaya mwache, hata akiuzwa rahisi. Ndimu huficha harufu, haiondoi ubovu.

Pili, mchemshe kwa chumvi mpaka nyama iachane. Ipapase kwa vidole safi, utoe kila mwiba. Mwiba mmoja ukimkwama mtoto kooni, furaha yote imekwisha.

Tatu, kaanga kitunguu na nyanya, tia samaki, koroga mpaka maji yakauke, kisha kamulia ndimu. Mchuzi ukibaki, chapati italowa na kupasuka.

Mwisho, weka vijiko viwili juu ya chapati ya moto, iviringishe kama mkeka, ukate katikati. Mgeni atakula kwa mkono huku mkizungumza.

Pikeni na kula siku hiyo hiyo. Sasa andikeni: mnofu, mwiba, mgeni. Kwaherini.