Kuishi na Ugonjwa wa Mapafu katika Nchi ya Chai

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa kazi ya kusema mbele yenu juu ya ndugu zetu wanaoishi na magonjwa ya mapafu ya kudumu. Kwa desturi, katika mkutano kama huu twasomewa hesabu ya fedha, twawakumbuka marehemu wa mwaka, kisha kila mtu aenda zake. Leo twaomba ruhusa kuwasemea walio hai, ambao hawakufika hapa kwa sababu mlima wa kuja mkutanoni umewashinda.

Yafaa kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe, maana si mmoja. Kuna pumu, ambayo huja na kwenda. Kuna ugonjwa ambao mirija ya hewa huzidi kuwa myembamba na mapafu hulegea mwaka hata mwaka. Kuna na mapafu yaliyobaki na makovu baada ya kifua kikuu kupona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2021 ule wa pili peke yake uliua watu milioni 3.5 ulimwenguni. Ugonjwa huo hauponi kabisa, lakini hutulizwa. Wala hauambukizi mtu.

Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio wazima twaona njia ya kwenda kituo cha kupimia majani kuwa ni mwendo mfupi. Mgonjwa huigawa vipande: mpaka kwenye mkaratusi, apumzike, mpaka kwenye daraja, apumzike tena. Nchi yetu ya Kericho na Bomet ni ya vilima, na mji wa Kericho wenyewe uko yapata meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya alasiri huloweka nguo, na baridi ya Juni hata Agosti hukaza kifua. Mahali ambapo wageni huja kusifu hewa safi, yeye huitafuta hewa hiyo asiipate.

Ugonjwa huu humnyang'anya mtu kazi zake moja moja. Kwanza huacha kikapu cha kuchumia chai. Kisha jembe. Kisha mtungi wa maji. Mwisho hata kuinama kufunga viatu au kujimwagia maji ya kuoga humwachia kutweta kama aliyekimbia. Usiku hawezi kulala chali. Huketi akiegemea ukuta, na pumzi ikimkatika gizani hofu humshika, na ile hofu yenyewe huzidi kuibana pumzi. Jamaa waliolala chumba kimoja naye hawapati usingizi, na asubuhi yeye huona haya kwa sababu hiyo.

Tena kuna maumivu yasiyo ya mwili. Kwetu, kumpita mtu njiani bila kumjulia hali ni kukosa adabu. Lakini apandaye mlima kwa pumzi chache hawezi kutembea na kusema kwa wakati mmoja. Yambidi achague. Basi hupita kimya, nasi twasema amekuwa na kiburi. Akikaa nyumbani twamwita mvivu, kwa kuwa hana jeraha la kuonekana. Akikohoa ndani ya matatu, abiria humgeuzia mgongo. Nyumbani mwake kikombe chake hutengwa, na majirani hunong'ona juu ya kifua kikuu au Ukimwi. Wapo waliomaliza dawa za kifua kikuu wakapona, lakini wakabaki wanahema. Kila wakikohoa watu huwadhania ya kuwa hawakumeza dawa. Mzee aliyezoea kusema katika baraza la kokwet huacha kwenda, si kwa kukosa shauri, bali kwa kuwa sentensi yake humkatikia katikati na vijana humalizia kwa niaba yake.

Ugonjwa huu watoka wapi? Tumbaku ni chanzo kikubwa, na wavutao wajue hivyo. Lakini wengi miongoni mwa akina mama wanaougua hawakuvuta sigara hata moja. Walivuta moshi wa mafiga. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilipika hasa kwa kuni. Mama aliyeanza kupika akiwa msichana, akiwa na mtoto mgongoni, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, kuni zikiwa mbichi kwa mvua, amekaa na moshi miaka arobaini au hamsini. Jiko ndilo lililompa heshima ya kulisha jamaa, na jiko hilohilo ndilo limemdhuru. Mbaya zaidi ni kumwuliza kwa dhihaka kama alikuwa akivuta sigara kwa siri.

Hatuwezi kusahau viwandani. Tangu makampuni makubwa yaanze mashamba ya chai huku Kericho katika miaka ya 1920, watu wetu wameishi kwa jani hili, nasi hatulitukani. Lakini chai iliyokaushwa hutoa vumbi, hasa pale inapochujwa na kupakiwa. Daktari Uragoda wa Sri Lanka aliandika mwaka 1980 juu ya wafanyakazi wa chai wa huko, akaonyesha ya kwamba vikohozi vya kudumu na pumu vilikuwa vingi miongoni mwao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi. Mwenye kazi ya vumbi adai kitambaa cha kufaa cha kufunika pua na mdomo, na akikohoa kwa majuma aseme mapema, asingoje mpaka aachishwe kwa udhaifu.

Sasa tuseme yanayoweza kufanyika. Kwanza ni kupimwa. Akohoaye zaidi ya majuma mawili apimwe makohozi. Kifua kikuu kisipoonekana, asirudi nyumbani kimya. Aulize juu ya kipimo cha kupuliza hewa ndani ya mashine, na kama hakipo pale aombe kuelekezwa kilipo. Tunazo hospitali za Kericho, Kapkatet, Litein na Longisa, na ile ya Tenwek iliyoanzishwa mwaka 1937.

Pili ni dawa ya kuvuta. Wengi huiogopa wakidhani ni dawa ya mtu wa kufa, au ya kwamba aliyeianza amekuwa mtumwa wake. Sivyo. Hupeleka dawa pale penye ugonjwa, kwa kiasi kidogo. Watu wengi huipulizia mdomoni ikaishia ulimini. Madaktari wa Afrika ya Kusini walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, ya kwamba chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ishike mdomo wa dawa barabara, hufanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mhudumu wa zahanati aombwe kuwafundisha watu.

Tatu ni mazoezi. Mgonjwa asifungiwe ndani kwa huruma. Huko Mulago, Kampala, wagonjwa wenye makovu ya kifua kikuu walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa juma kwa majuma sita. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 yasema waliweza kutembea mbali zaidi kuliko kwanza. Kadhalika ajifunze kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apulizaye kaa la moto.

Nne ni jiko. Kuni zikaushwe darini kabla ya kutiwa motoni, dirisha litobolewe juu ya mafiga, bomba la moshi lijengwe, na mwenye uwezo anunue gesi.

Wazee wetu, tumefika kwenye ombi letu. Mwanachama akifariki, chama hiki hakikawii: jeneza hununuliwa, gari hukodiwa, waombolezaji hulishwa. Ni desturi njema, wala hatutaki ivunjwe. Lakini mtu huyohuyo, alipokuwa hai akikosa fedha za dawa ya kuvuta, hakupata kitu katika mfuko wetu, kwa kuwa kanuni zetu zajua msiba, hazijui ugonjwa mrefu. Twamchangia aliyekwisha kukata pumzi, na aliye na pumzi nusu twampa pole. Mgonjwa haulizwi uji.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili yapigiwe kura leo: sehemu ya ada ya kila mwezi itengwe kwa dawa za wagonjwa wa kudumu; na kila tawi liteue watu wawili wa kuwatembelea, kuwasindikiza hospitali na kuwafikishia habari za mkutano. Nasi sote, tukutanapo nao mlimani, tuwaamkie kwanza na tusingoje jibu.