Gereza Lisilopata Mfungwa

Leo nawapeleka mbali kidogo na mashamba yetu ya mahindi hapa Kitale na Bungoma.

Mwaka jana mimi na wazee wa kanisa tulisafiri mpaka Unguja kuliona kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Kesho yake tukapanda mashua kwenda kisiwa cha Changuu.

Zamani watumwa walioitwa wakaidi walifungiwa huko. Mwaka 1893 Mwingereza Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri wa Sultani, akaanza kujenga gereza. Kuta zake zipo hata leo. Lakini, msikilizaji, gereza hilo halikupata mfungwa hata mmoja! Liligeuzwa karantini. Abiria wa meli waliohofiwa kuwa na homa ya manjano walikaa hapo wiki moja au mbili, kisha wakaendelea na safari yao.

Wapo pia kobe wakubwa ajabu, ambao asili yao ni kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mzee wetu mmoja aliwalisha mchicha kwa mkono wake, akasahau kabisa kwamba mashua inatungoja. Tulipoambiwa kwamba wezi waliwaiba hata mwaka 1996 wakabaki saba tu, alisikitika sana. Sasa wanalindwa, nao wameongezeka.

Neno hilo la wezi lilinichoma. Nilimkumbuka ndugu mmoja wa kanisani kwetu aliyefungwa kwa kuiba magunia ya mahindi ya jirani. Alimaliza kifungo chake, akarudi. Kila Jumapili hukaa benchi la nyuma, peke yake. Zamu yake ya kusoma somo niliiondoa mimi, na sijamrudishia. Abiria wa Changuu walijua watatoka lini. Huyu tumemwekea siku ngapi?

Katika Mambo ya Walawi mgonjwa alitengwa siku saba, kisha kuhani akamtazama tena. Na alipopona, hakuachwa ajitafutie njia ya kurudi. Kuhani mwenyewe alitoka nje ya kambi akamwendea.

Nyumba ya ndugu huyu iko kando ya barabara. Nimeipita mara nyingi bila kusimama. Yule mzee wa kobe ameniuliza kama twaweza kwenda kumwona juma lijalo. Nimemwambia twende kesho.