Tuchangie Nini Kwenye Maktaba ya Chuo? Maneno ya Kamati ya Fedha



Tumepewa dakika chache, na ni sawa. Mhasibu akipewa muda mrefu kabla ya chakula hapendwi.

Mnajua Tawi la Kagera la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linajengwa Itahwa, Bukoba, chini ya mradi wa serikali wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Majengo yana wenyewe. Sisi mwaka huu tulikubaliana kuchangia maktaba, na wengi wenu mmesema vitabu. Tunaomba mtusikilize kabla hamjafunga maboksi.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea kontena la vitabu vya msaada kwa ajili ya shule moja ya sekondari nyumbani. Tukashangilia, tukapiga picha. Tukalipa gharama za bandari, tukalipa lori hadi Bukoba. Kufungua, tukakuta miongozo ya programu za kompyuta zisizotumika tena, sheria za kodi za nchi za watu, na riwaya sehemu ya pili bila ya kwanza. Vya hisabati vichache vilifaa. Vingine viko stoo hadi leo. Kwenye hesabu tuliviandika kuwa mali, na havikuwa mali. Kosa lile ni letu, hasa sisi tuliosaini hundi bila kudai orodha.

Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na inaweza kubeba vitabu 800,000. Ni zawadi kubwa. Lakini jengo hutolewa mara moja. Umeme, intaneti na mshahara wa mkutubi hudaiwa kila mwezi. Hapo wafadhili wengi hawaonekani, maana hakuna anayekata utepe kuzindua bili ya umeme.

Kuna jambo hata sisi tumelijua juzijuzi. Kupitia mpango wa Research4Life, ulioanza na Hinari mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, vyuo vya nchi kama yetu husoma majarida ya afya na kilimo bure au kwa bei ndogo sana. Utafiti wa mnyauko wa migomba, huuhuu unaotumalizia mashamba, umo humo. Hauhitaji kontena. Unahitaji kompyuta, intaneti isiyokatika, na mkutubi anayejua kuutafuta na kumweleza bwana shamba kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza michango ya leo iwe mfuko wa uendeshaji wa miaka 3: intaneti, na posho ya mkutubi wa zamu ya jioni na Jumamosi. Uongozi wa chuo tutauomba sharti moja, kwamba Jumamosi mlango uwe wazi kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, walimu na maofisa ugani wetu, ingawa si watu wa chuo. Wakilikataa, fedha zitakaa benki na mwakani tutarudi kwenu kuuliza.

Anayesisitiza vitabu, atuletee orodha kwanza. Fomu za ahadi ziko meza ya mlangoni, kushoto kwa anayegawa senene. Risiti ni papo hapo, hata ya elfu tano.