Simu ya "Kadi Imekwisha Muda"

Leo tunaacha kidogo habari za chanjo na kuharisha, tuzungumzie simu.

Uko sokoni Kongowea, mtoto mgongoni, mkono mmoja una mfuko wa nyanya. Simu inalia. Sauti ya upole inakuita mama, inakwambia kadi yako ya hospitali imekwisha muda, na isipofanywa upya kabla ya saa kumi leo, mtoto hatatibiwa. Tuma mia tano kwa namba hii. Mama ambaye mtoto amekohoa usiku kucha atafanya nini? Atatuma. Tusimcheke. Mlaghai anajua panapouma, ndipo anapobonyeza.

Basi lijueni hili: kadi ya kufanywa upya haipo. NHIF, iliyoanza mwaka 1966, iliondoka, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na SHA. SHA hukutambua kwa namba ya kitambulisho na alama za vidole. Kujisajili ni bure. Bonyeza *147# kwa simu yoyote, hata mulika mwizi, au mhudumu wa afya wa mtaa wenu atakusajili nyumbani. Akitaka pesa ya fomu, usitoe.

Pesa ya kulipa ipo, lakini ni mchango. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 kwa kila mia. Sisi wa biashara ndogo na vibarua huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumbani, kisha tunaambiwa kiasi cha mwaka, na cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Mchango huo huenda kwa SHA yenyewe, hauendi kwa namba ya mtu. M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea. Ukiona jina la mtu, ghairi. Namba yako ya siri usimtajie yeyote.

Kuna ulaghai mwingine, usiogusa mfuko wako kabisa. Watu wanaweka meza mtaani, wanapima presha bure, kisha wanaomba kitambulisho chako na kidole chako, au wanakwambia uwasomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Kidole na tarakimu hizo ni kama sahihi yako. Mtu akiwa nazo anaweza kudai kwamba ulilazwa, nawe ulikuwa jikoni ukipika wali. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa vya matibabu kwa tuhuma za madai ya uongo. Kwa hiyo uliza kwanza: natibiwa nini, na ni hospitali gani?

Sasa nina neno na wewe mwenye mtoto mchanga. Usimfungie nyumbani kwa sababu umeambiwa kadi imekufa. Chanjo ni bure. Na kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali, aliyejisajili hutibiwa hata kama hajachanga. Mchango unahitajika kwenye hospitali kubwa, kulazwa na upasuaji.

Hapo ndipo ninapomwogopea mjamzito. Amemlipa mlaghai, akatulia akijua mambo yamekamilika. Uchungu unamshika usiku Ziwa la Ng'ombe, anavushwa daraja la Nyali hadi Makadara, anahitaji kupasuliwa, na jina lake halina mchango hata shilingi. Dada yangu, usingoje usiku huo. Mimba ikifika miezi sita, bonyeza *147# wewe mwenyewe uangalie kama mchango wako umeingia.

Na ikiwa umeshatuma? Fanya haraka. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kabla pesa hazijatolewa, ukaripoti kituo cha polisi upewe namba ya OB. Ujumbe wa walaghai upeleke 333. Wengi hunyamaza wakiogopa kugombezwa na baba watoto, na wakati huo pesa zinakwenda. Ukitaka kuuliza jambo la SHA, piga 147, au nenda Huduma Center ya Mombasa na kitambulisho chako.

Kisha mwambie jirani yako, maana kesho huenda akapigiwa yeye.